Pareto na maficho ya wanyonya damu

Chupa moja ya dawa inauzwa mitaani kwa kipaza sauti: inaua chawa, inaua viroboto, inaua kunguni. Kwa wakazi wa Mbeya na Iringa, ambako pareto huchumwa shambani na kusindikwa Mafinga, ahadi hiyo inastahili kupimwa kwa makini. Sumu ya pareto, pairethrini, hujaa zaidi kwenye vimbegu vichanga vilivyo katikati ya ua. Ikimpata mdudu, vijitundu vinavyopitisha sodiamu kwenye neva zake hushindwa kufunga. Anatetemeka, anapooza, anakufa.

Lakini lazima impate.

Chawa wa nguo haishi kitandani wala ukutani. Hutaga kwenye mishono ya nguo na kunyonya mara kadhaa kwa siku, na akitenganishwa na mwili hamalizi wiki. Sweta linalovaliwa mchana na kulaliwa usiku, kama ilivyo kawaida msimu wa baridi, ndilo shamba lake. Huyu ndiye anayenitia hofu zaidi, maana hueneza homa ya tifasi kupitia kinyesi chake tunapojikuna. Hata hivyo hahitaji sumu: nguo zichemshwe, basi.

Kiroboto aliyekomaa hufa kwa pareto bila shida. Tatizo ni mayai yake, ambayo huanguka sakafuni, na mabuu hukulia vumbini yakila kinyesi chenye damu iliyokauka. Sakafu ya udongo isiposafishwa, kazi ni bure.

Kunguni ndiye mgumu. Hunyonya kwa dakika tano hadi kumi, kisha hurudi kwenye viungo vya chaga au mshono wa godoro, na baridi humwezesha kukaa miezi mingi bila kula. Sehemu nyingi duniani amepata usugu dhidi ya dawa za viwandani zilizoigwa kutoka pareto, na kwa kuwa zote hulenga vijitundu vilevile, pareto yenyewe nayo hupoteza makali. Maji yanayochemka yakimiminwa kwenye viungo vya chaga humuua pamoja na mayai.

Anayepulizia dawa azingatie kalenda ya mahali alipo. Kwenye joto la Dar es Salaam mayai ya kunguni huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Chumba chenye nyuzi 18 huyachelewesha hadi karibu wiki tatu. Mkazi wa Mbeya anayerudia kupulizia baada ya siku 14, mwezi Juni, anapulizia mayai ambayo bado hayajapasuka.