Kujifunza kwa Kusikiliza Waya

Ukifungua folda ya pamoja ofisini, faili hujipanga mbele yako kana kwamba zimo ndani ya mashine yako. Kompyuta yako huenda ni ya Windows, ya mwenzako ni Mac, na seva inayotunza faili ni Linux. Mashine hizi hazikuundwa zielewane. Kwa kawaida ya Linux, “Bajeti” na “bajeti” ni faili mbili. Windows huziona kuwa moja. Hata alama ya mkwaju inayotenganisha majina ya folda, huku imelalia kulia, kule kushoto. Programu iitwayo Samba imekuwa ikizipatanisha tangu miaka ya 1990, na sifa yake kubwa iko katika jinsi ilivyotengenezwa.

Mwishoni mwa 1991, Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Alitaka kompyuta yake ya DOS isome faili zilizokuwa kwenye mashine ya Sun. Programu aliyokuwa nayo ilitoka kampuni ya DEC, nayo ilizungumza na seva za DEC tu. Hakuwa na maelezo ya itifaki ya programu ile, yaani kanuni zake za mazungumzo, wala hakujua inaitwaje. Alichofanya ni kunasa pakiti zinazopita kwenye waya na kuzichunguza: kompyuta imeomba nini, seva imejibu nini. Akaandika seva yake mwenyewe: jibu la ombi la kwanza, kisha la pili, hadi ikakubalika. Januari 1992 akaitoa bure; ndiyo iliyokuja kuitwa Samba. Baadaye alitambua kwamba itifaki ile ilikuwa SMB, iliyoasisiwa na Barry Feigenbaum wa IBM na kuendelezwa na Microsoft.

Tridgell mwenyewe ameifananisha njia hiyo na kujifunza Kifaransa kwa kukaa mgahawani Ufaransa, ukisikiliza wateja wanaagiza nini na mhudumu analeta nini. Njia hiyo yataka subira, kwa sababu maneno mepesi husikika mapema na magumu hayasemwi mpaka pawe na haja.

Kwa mfano wa hayo magumu, chukua watu wawili wanaotaka faili moja. Wa kwanza akifungua, seva yaweza kumpa ruhusa ya kuhifadhi mabadiliko kwenye mashine yake bila kuyatuma kila mara; kazi huenda kasi. Wa pili akibisha hodi, seva humsubirisha, humtaka wa kwanza arudishe alichobadilisha, ndipo humfungulia. Yote hayo hupita kabla mtu hajagundua kwamba amesubirishwa. Au chukua lile jina “bajeti”: Samba isipolikuta kama lilivyoandikwa, hupitia folda nzima, jina kwa jina, ikitafuta linalolingana.

Kupima usahihi nako kulitaka ubunifu. Tridgell aliandika programu inayotuma maombi yale yale, yaliyochaguliwa kwa kubahatisha, kwa seva mbili kwa pamoja: ya Windows na ya Samba. Majibu yakitofautiana, programu huyapunguza maombi hadi yabaki machache tu yanayoleta tofauti hiyo, na hapo fundi anajua pa kurekebisha. Windows ikiwa na kituko, Samba nayo hulazimika kuwa nacho, maana huenda programu ya mhasibu inakitegemea.

Desemba 2007, baada ya kesi ndefu barani Ulaya, Microsoft ilikubali kutoa nyaraka za itifaki zake, na watengenezaji wa Samba wakazipata kwa euro 10,000. Nyaraka ziliwapunguzia kazi, lakini hawakuacha kupima. Kila maandishi na seva yenyewe ya Windows vilipopingana, walifuata seva, kisha wakawaarifu Microsoft wasahihishe maandishi yao. Waliojifunza kwa kusikiliza wakawa wahakiki wa kitabu cha mwenye lugha.