Kibao cha boksi na kazi ya siku nne

Mliopita kwenye banda la wasuka ukili Sabasaba mlikiona: kipande cha boksi, wino mwekundu, KILA KIKAPU 15,000. Kilitundikwa asubuhi, muda mfupi baada ya mageti kufunguliwa, na hapo ndipo kikundi kile kilipoharibu mauzo yake. Yaliyofuata mpaka jioni yalikuwa matokeo ya uamuzi huo.

Mezani palikuwa na kazi mbili zisizostahili kukaa chini ya bei moja. Kikapu kidogo cheupe kilikuwa cha ukili mpana, chane nene, bila bitana, na mikono ya ukindu uleule. Aliyekisuka aliniambia anakimaliza kwa siku moja na vifaa vyake havizidi 4,000. Kikubwa kilikuwa cha ukili mwembamba, chane kama njiti za kiberiti, na rangi tatu, kila moja imechemshwa kwenye sufuria yake. Mshono wake huuoni mpaka ukigeuze ndani nje. Kina bitana ya kitenge na mikono ya ngozi. Siku nne za kazi, vifaa 9,000.

Sasa toa. Kidogo kinabakiza 11,000 kwa siku moja. Kikubwa kinabakiza 6,000 kwa siku nne, yaani 1,500 kwa siku, na hapo hujagusa nauli ya mzigo wala mchango wa banda. Sahani ya wali maharage uwanjani pale ilikuwa ghali kuliko siku nzima ya fundi bora wa kikundi. Na hiyo siku ya kikapu huanza mapema: ukindu ukatwe, uanikwe, uchanwe, ndipo mtu akae kusuka. Hesabu za vikundi vyetu huanzia kwenye kushona, kana kwamba chane zinaota mkekani.

Mnunuzi akikuta bei moja huchagua kilicho bora, na ana haki. Kabla ya saa sita mchana vikubwa vyote vilikuwa vimeondoka, vinane kati yake mkononi mwa mtu mmoja aliyekuja na salfeti. Saa tisa nilivikuta viwili mezani kwa mchuuzi, mabanda machache kutoka pale, vimeandikwa 45,000. Kimoja kilinunuliwa nikiwa nimesimama pale.

Mpangilio wa meza ulikuwa mzuri, na wauzaji walijua kuieleza kazi yao.

Kiongozi wao alijitetea kwamba bei moja inaondoa usumbufu wa kupatana. Namwelewa. Wanaosoma safu hii wanajua ninavyochukizwa na ile "mama, nipunguzie kidogo" ya mtu aliyetoka kulipia mfuko dukani bila kufungua mdomo. Lakini dawa ya kupatana ni kila kikapu kiwe na bei yake, iandikwe, ifungwe kwa uzi kwenye mkono wa kikapu. Ushirika wa wachongaji wa Akamba pale Changamwe, Mombasa, ulioanzishwa 1963, ulijengeka hivyo: kinyago kina bei yake na namba ya aliyekichonga. Twiga mrefu wa mpingo hauzwi kwa bei ya kijiko kwa sababu tu vimekaa rafu moja.

Bibi yangu wa Mkuranga hakujua kusoma, lakini hakutaja bei ya mkeka kabla ya kuhesabu: pima ngapi za ukili, chane ngapi kwa upana, rangi ngapi. Mteja akilalamika, aliufungua mkeka wote, akampitisha kidole juu ya mshono kutoka upindo hadi upindo, kisha akaukunja. Jirani aliposhusha bei, yeye aliurudisha mkeka wake darini ukasubiri mwezi mwingine. Wasukaji wa kizazi kile walijua kwamba mkeka hauozi kama nyanya. Hawa wa Sabasaba waliuza kama watu wenye nyanya.

Jioni mezani vilibaki vidogo vyeupe, vingi. Fundi wa vile vikubwa, mama wa makamo mwenye vidole vilivyoingia rangi ya zambarau, alikuwa akikunja kanga iliyotandikwa mezani. Nilimuuliza mwakani ataleta vingapi vya namna ile. Akasema hataleta hata kimoja. Atasuka vidogo vyeupe, kama wenzake.