Laini Ikikatika Bunia, Kazi ya Seva Isiharibike

Kwa miaka mingi ofisi nyingi za Bunia zimepata intaneti kupitia dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Msimamizi wa mtandao aliyeko Kampala akibonyeza herufi moja ili ifike kwenye seva ya Bunia, herufi hiyo hupanda hadi setilaiti na kushuka, kisha jibu lake hupanda na kushuka tena ndipo alione kwenye skrini. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo hula karibu nusu sekunde. Foleni za ruta zikijumlishwa, muda unazidi hapo.

Anayejaribu kuiendesha seva hiyo kwa kipanya na madirisha huishia kusubiri picha ya skrini ijichore kipande kwa kipande. Skrini ya kawaida ya amri, yenye mistari 24 ya herufi 80, hubeba herufi 1,920 tu, yaani chini ya kilobaiti mbili. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini fundi wa mbali huandika amri.

Mazingira nayo yanamlazimisha. Irumu ni mojawapo ya maeneo matano ya jimbo la Ituri nchini Kongo, pamoja na Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa, na Bunia, makao makuu ya jimbo, uko upande huo wa Irumu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita, na kwenda Komanda au Nyankunde, huko Irumu, kurekebisha kompyuta moja ni safari ya kupimwa mara mbili. Umeme nao si wa kutegemea. Kituo cha umeme wa maji cha Budana kilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa mji uliojaa ofisi, na taasisi nyingi huishi kwa jenereta, betri na paneli za sola.

Fundi wa seva hapo ana matatizo mawili ambayo vitabu vya mitandao huyagusa kwa mbali: laini inayokatika katikati ya kazi, na umeme unaozimika bila taarifa. Zana za kuyakabili zipo, ni za bure, na baadhi zilibuniwa kwa ajili ya laini mbovu kama yake. Kinachohitajika ni kujua kila moja inafanya nini na ipi itangulie.

Kikao kisichokufa

Zana ya kwanza ni SSH. Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliiandika mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo hicho kuvamiwa na wezi wa manenosiri, yaliyokuwa yakipita wazi kwenye waya. SSH husimba kila kitu, na ikitumiwa kwa ufunguo badala ya nenosiri, anayekisia manenosiri usiku kucha hapati kitu. Ila haizuii kukatika. Laini ikianguka, kikao hufa, na programu iliyokuwa ikiendeshwa ndani yake hufa nacho. Kama fundi alikuwa katikati ya kusasisha mfumo wa Debian, seva hubaki na vifurushi vilivyosakinishwa nusu, na itabidi amri ya dpkg --configure -a imalizie kazi iliyoachwa.

Kinga yake ni programu ya tmux, inayoanzishwa kwa amri moja kabla ya kugusa chochote:

tmux new -s kazi

Kuanzia hapo kazi zote huendeshwa ndani ya seva yenyewe, na SSH hubaki dirisha la kuchungulia. Mvua ikizima dishi kwa saa mbili, usasishaji unaendelea ilimradi vifurushi vilikwisha kupakuliwa. Laini ikirudi, fundi anaandika tmux attach -t kazi na kukuta skrini ileile, pamoja na yote yaliyoandikwa wakati hayupo.

Kwa nusu sekunde ya kusubiri kila herufi kuna Mosh, programu iliyotolewa mwaka 2012 na Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT. Mosh hubashiri herufi itakayoonekana, huionyesha papo hapo kwa fundi, kisha huisahihisha seva ikijibu tofauti. Katika majaribio yao kwenye mtandao wa simu wa 3G, SSH ilimsubirisha mtumiaji kwa muda wa kati wa milisekunde 503, ilhali Mosh ilionyesha bila kusubiri takriban asilimia 70 ya herufi alizobonyeza. Inahitaji poti za UDP kuanzia 60000 hadi 61000 ziachwe wazi kwenye ngome ya mtandao, jambo ambalo wengi husahau kisha wakailaumu programu.

Kutuma kilichobadilika tu

Nakala za akiba ndizo hula laini kuliko kitu kingine. Faili la gigabaiti moja kwenye laini ya kilobiti 512 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa nne, kama hakuna mwingine anayeitumia laini hiyo. Ofisi inayotuma hifadhidata yake nzima kila usiku itakuta asubuhi imefika na kazi haijaisha.

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, walitoa rsync, na maelezo yao ya kitaalamu yalitaja wazi kwamba imekusudiwa laini nyembamba zenye ucheleweshaji mkubwa. Mbinu yenyewe inavutia. Kompyuta inayopokea hukata faili lake la zamani vipande vya ukubwa sawa, na kila kipande hukihesabia alama mbili: moja nyepesi ya kukokotoa haraka, nyingine nzito ya kuthibitisha. Alama hizo ndizo hutumwa, si vipande. Kompyuta inayotuma hupitia faili jipya baiti baada ya baiti ikitafuta mahali alama zinapolingana, kisha hupeleka tu baiti ambazo mwenzake hana. Mstari ukiongezwa katikati ya faili, kilichosogea mbele hakitumwi upya.

Amri ya usiku inaweza kuwa hivi:

rsync -az --partial --bwlimit=40 /srv/data/ akiba@kampala:/nakala/bunia/

Neno --partial huhifadhi kipande kilichokwisha kufika laini inapokatika, na --bwlimit=40 huizuia isipite kilobaiti 40 kwa sekunde ili watu wa zamu ya usiku wapate barua pepe zao. Kuna mtego mmoja. Hifadhidata ikishabanwa kwa gzip ya kawaida, badiliko dogo mwanzoni hubadilisha karibu kila baiti inayofuata, na rsync haioni tena chochote kinachofanana. Dawa ni gzip --rsyncable, au kuacha faili bila kubanwa na kuiachia herufi z ya rsync ibane wakati wa kutuma.

Kujiwekea mlango wa kurudia

Kosa linaloogopwa kuliko yote ni kujifungia nje. Fundi anabadilisha kanuni za ngome ya mtandao kutoka mbali, anakosea mstari mmoja, na seva inakataa kila mtu, yeye akiwa wa kwanza. Mjini Nairobi hilo linagharimu nauli ya teksi. Kwa seva iliyoko Komanda, linaweza kugharimu wiki.

Amri ya at, iliyomo kwenye Unix tangu toleo la saba la mwaka 1979, inatosha kuondoa hofu hiyo. Kwanza kanuni za sasa huhifadhiwa, kisha seva hupewa agizo la kuzirudisha baada ya dakika tano:

nft list ruleset > /root/kabla.nft
echo 'nft flush ruleset; nft -f /root/kabla.nft' | at now + 5 minutes

Hapo ndipo kanuni mpya huwekwa. Zikifanya kazi, fundi anafungua kikao cha pili kuthibitisha kwamba mlango uko wazi, kisha anafuta agizo kwa atrm na namba yake. Zikimfungia nje, anasubiri dakika tano na seva inamrudisha ndani yenyewe. Kwenye Ubuntu, netplan try hufanya vivyo hivyo kwa anwani za mtandao: isipothibitishwa ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi. Kwa SSH yenyewe, sshd -t hukagua faili la mipangilio kabla ya huduma kuanzishwa upya.

Ikishindikana kabisa, mtu wa Bunia ataketi mbele ya mashine na kuelekezwa kwa simu. Hapo huibuka kikwazo ambacho mafundi wa Kampala na Dar es Salaam hawakizoei. Kibodi za Kongo nyingi ni za Kifaransa, AZERTY, ilhali seva inayoamka katika hali ya dharura mara nyingi hudhani kibodi ni ya Kiingereza. Nenosiri sahihi linakataliwa, kwa kuwa A imekuwa Q, Z imekuwa W, na M imekuwa nukta-mkato. Akishaingia, msaidizi anapaswa kuandika loadkeys fr, lakini kwa kuwa herufi zimebadilishana, vidole vyake vitabonyeza loqdkeys fr. Mwelekezaji asiyejua hilo atapoteza nusu saa ya salio akimtajia mwenzake herufi moja moja.

Saa nazo zina shida yake. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Bunia, na Kampala iko saa moja mbele yake. Saa tatu asubuhi Kinshasa ni saa nne Bunia na saa tano Kampala. Seva iliyosakinishwa kwa jina la Africa/Kinshasa, kwa kuwa ndilo lililojitokeza kwanza kwenye orodha, itaandika kumbukumbu zake kwa saa ya mji ulio upande wa pili wa nchi. Jina linalofaa Ituri ni Africa/Lubumbashi, nalo huwekwa kwa timedatectl set-timezone. Ofisi tatu zikitafuta chanzo cha hitilafu moja, journalctl --utc huwapa wote saa moja.

Nani anakula laini?

Malalamiko ya kila siku ofisini ni kwamba intaneti imekuwa nzito. Seva ikiwa ndiyo lango la kutokea nje, iftop huonyesha papo hapo kompyuta ipi inavuta kiasi gani, na vnstat hutunza hesabu ya siku na miezi. Mara nyingi mwizi si mtu: ni kompyuta kadhaa zinazopakua masasisho ya Windows kwa wakati mmoja. Tiba ni kupanga foleni upande wa ofisi. Tuseme eth0 inatazama dishi na eth1 inatazama ofisi, na mkataba ni wa megabiti 4 kwa sekunde:

tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 3600kbit

Kiwango kinawekwa chini kidogo ya uwezo wa laini ili foleni ijengeke ndani ya seva, ambako CAKE, iliyoingizwa kwenye Linux mwaka 2018, huigawa kwa haki, badala ya kujengeka kwenye vifaa vya mtoa huduma. Upakuaji mkubwa huendelea, na simu ya mtandaoni haikwaruzi.

Setilaiti za chini zimeanza kubadilisha sehemu ya hesabu hii. Starlink, ambayo setilaiti zake huruka takriban kilomita 550 kutoka ardhini, ilipata leseni ya Kongo mwezi Mei 2025, baada ya kupigwa marufuku mwaka uliotangulia. Ile nusu sekunde inapungua sana. Radi, mvua na jenereta iliyoishiwa mafuta hazikuhitaji leseni, nazo zipo palepale.

Kwa hiyo swali la mwisho ni la umeme. Amri ya last -x huonyesha kila mara seva ilipozimwa na kuwashwa. Kuwashwa mara mbili bila kuzimwa katikati maana yake umeme ulikatika ghafla, na hifadhidata ilikuwa hatarini. Programu ya NUT husoma hali ya betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) na kuizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Inafanya hivyo kwa sharti moja: UPS iwe na waya wa data, USB au wa zamani wa serial, uliochomekwa kwenye seva. UPS isiyo na waya huo hubakiza taa ikiwaka kwa dakika chache, kisha seva huanguka vilevile.

Wakuu wa ofisi wanaopanga bajeti wakague hilo kabla ya kulipa: muuzaji aulizwe kama UPS ina USB, na jina lake litafutwe kwenye orodha ya vifaa vinavyotambuliwa na NUT. Fundi naye, siku waya ukichomekwa, auchomoe umeme wa ukutani mchana, wafanyakazi wakiwa wamehifadhi kazi zao, aone kama seva inajizima yenyewe.