Uzito, Ugumu na Kasi: Maneno Matatu Yanayopotosha Tafsiri ya Tetemeko la Ardhi

Katika mazoezi ya tafsiri tunayowapa wanafunzi wa idara yetu, kuna sentensi ambayo haikosi kujitokeza kila tunapoingia katika matini za kisayansi: "Mawimbi ya tetemeko huenda kwa kasi zaidi katika miamba mizito." Kisarufi haina dosari, na walimu wengi huipigia alama ya vyema na kuendelea. Sisi tunaona kwamba inastahili kuhakikiwa neno kwa neno, kwa kuwa inapotosha, na upotofu wake unatokana na lugha sawasawa na unavyotokana na fizikia.

Tuanze na uzito. Risasi ina densiti ya gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Alumini, ile ya sufuria zetu, ina gramu 2.7 tu. Kama uzito ndio unaoleta mbio, risasi ingeshinda. Lakini mawimbi P, yaani yale yanayofika kwanza, hupita katika alumini kwa takriban kilomita 6.4 kwa sekunde, na katika risasi kwa takriban kilomita 2.2. Kanuni ya mawimbi S, yanayofuata, inaeleza wazi zaidi: mwendo wao ni kipeuo cha pili cha ukinzani wa mwamba dhidi ya kupindwa, ukigawanywa kwa densiti. Densiti iko chini ya mstari. Peke yake, inachelewesha.

Mbona basi mawimbi hukimbia zaidi katika miamba ya kina kirefu, ambayo kweli ni mizito? Ni kwa sababu huko chini mgandamizo huziba nyufa na vinyweleo vya mwamba, na madini yenyewe huwa ya aina isiyokubali kupindika. Ukinzani unapanda haraka kuliko densiti. Ndiyo maana mawimbi P hupita katika matale kwa kilomita zipatazo 6 kwa sekunde, na katika miamba iliyo chini ya ganda la dunia kwa kilomita zipatazo 8. Uzito umeandamana tu na sababu yenyewe, nao ukapewa sifa isiyo yake.

Sababu yenyewe tuiiteje? Wengi huandika "ugumu". Neno hili limebebeshwa mizigo mingi: mtihani ni mgumu, nyama ni ngumu, moyo ni mgumu. Nyama ngumu haikatiki, lakini inapinda vizuri sana. Tunapendekeza "ukakamavu". Tunajua kwamba neno hilo limetekwa na wahutubi wa mikutano, kwao likiwa na maana ya ujasiri. Hata hivyo shati lililotiwa wanga bado hukakamaa, na kila mzungumzaji anaelewa kwamba halikubali kukunjwa. Mwamba ukipata joto kali hupungukiwa na ukakamavu huo. Watafiti wa mradi wa KRISP, waliopima miamba chini ya Bonde la Ufa la Kenya katika miaka ya 1985 na 1990, walikuta mawimbi P yakienda huko kwa kilomita 7.5 hadi 7.8 kwa sekunde, ilhali pembeni mwa bonde yalizidi kilomita 8. Joto na miamba iliyoanza kuyeyuka ndivyo vilivyoyachelewesha.

Neno la tatu ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. "Kasi" katika Kiswahili ni wepesi wa mwendo, lakini pia ni nguvu: upepo wa kasi, mvua ya kasi. Msomaji akiambiwa kwamba mawimbi "hupungua kasi" yanapoingia katika udongo laini, atafahamu kwamba yametulia, na aliyejenga juu ya tope la ufukweni atalala usingizi. Mambo ni kinyume. Wimbi la bahari likifika kwenye maji ya kina kifupi hupunguza mwendo na kuinuka. Wimbi la tetemeko nalo, likitoka mwambani na kuingia katika udongo laini, huenda polepole na kutikisa zaidi, maana nishati iliyokuwa ikisafiri upesi sasa inajilimbika.

Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la kipimo cha 8.0 lilianzia pwani ya Meksiko, umbali wa zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Sehemu ya mji huo imejengwa juu ya tope la ziwa la kale la Texcoco, ambamo mawimbi S huenda chini ya mita 100 kwa sekunde. Mitaa iliyo juu ya mawe ilitikisika kiasi. Ile ya ziwani ilitikisika mara kadhaa zaidi, majengo ya ghorofa yakaporomoka, na maelfu ya watu wakafa.

Kwa wanafunzi wetu hili si zoezi la karatasi tu. Waganda husema musisi, Wanyarwanda umutingito, na tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilisikika Uganda na Rwanda pia. Tahadhari ikitolewa kwa Kiswahili, itapitia mikononi mwa wafasiri tunaowafundisha.

Kwa hiyo "kasi" ituondokee katika matini za aina hii. Lipo "mwendokasi" la fizikia ya shule (ingawa tangu 2016 wakazi wa Dar es Salaam wakilisikia hutazama kituo cha basi). Na sentensi yetu tungeiandika hivi: "Mawimbi ya tetemeko huenda upesi katika miamba iliyokakamaa, katika udongo laini huenda polepole, lakini huutikisa kwa nguvu zaidi."