Kati ya Masharti na Faida: Umbo la Swali la Hudaibiya

"Taja masharti manne ya Mkataba wa Hudaibiya, kisha ueleze faida tano walizozipata Waislamu kutokana na mkataba huo."

Swali hili nimelitunga mwenyewe, lakini mtahiniwa wa kidato cha nne anayesoma Elimu ya Dini ya Kiislamu atalijua mara moja. Limekaa kama maswali anayokutana nayo kwenye pepa za miaka iliyopita, kwenye mtihani wa utimilifu, na kwenye madesa yanayopita mkono kwa mkono kadiri Novemba inavyokaribia. Kwa Tanzania, hili ni miongoni mwa masomo machache ya sekondari ambayo mtihani wake huandikwa na kujibiwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo hatuna kisingizio cha lugha. Maneno ya swali ni yetu, na tunaweza kuyapima moja baada ya jingine.

Tukiyapima tutaona kwamba swali limejengwa kwa namna inayoondoa wakati ndani ya tukio. Linampa mwanafunzi ncha mbili za kamba na kuikata katikati. Anayedurusu kwa kufuata umbo hilo peke yake ataweza kupata alama, lakini hatajua kwa nini mambo anayoyataja yanahusiana. Na asiyejua uhusiano wa pointi zake ndiye anayezisahau ndani ya chumba cha mtihani.

Tuanze na vitenzi. "Taja" kinaomba jina la kitu tu. "Eleza" kinaomba jambo na sababu yake. Kwa maana hiyo masharti yametengewa kitenzi chepesi, na faida zimepewa kizito. Mwanafunzi anaelewa, bila mtu kumwambia, kwamba masharti ni ya kukariri na faida ni za kufikiria. Lakini faida hizo zimetoka wapi kama si ndani ya masharti yenyewe? Ukiyataja bila kuyaeleza, huna pa kuchimbua faida, na itakubidi uzikariri nazo. Hapo ndipo swali moja linapogeuka mzigo wa pointi tisa zisizoshikana.

Kisha tazama neno "kisha". Ni kiungo kidogo, lakini kinaruka karibu miaka miwili. Mkataba uliandikwa kati ya Waislamu na Maquraishi wa Makka mwaka wa 6 Hijria, yaani 628. Faida zilizo kubwa zilionekana hatua kwa hatua hadi Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, mwanzoni mwa 630. Katikati yake kuna huzuni, ubishi, mtu aliyekuja na minyororo miguuni, na mwanamke mmoja aliyetoa shauri lililoliokoa jeshi zima na aibu ya kutotii. Yote hayo hayamo kwenye swali kwa sababu si sharti na si faida.

Neno la tatu ni zito zaidi: "faida". Swali linapolitamka, limeshatoa hukumu. Mwanafunzi anaambiwa mapema kwamba mambo yaliishia vizuri. Lakini waliokuwepo Hudaibiya hawakuwa na taarifa hiyo. Watu wapatao 1,400 walikuwa wametoka Madina wakiwa na nia ya umra, wamevaa ihramu, wamekuja na wanyama wa kuchinja. Wakazuiwa mlangoni mwa Makka. Walipousikia mkataba, wengi waliuona ni hasara tupu. Nguvu yote ya tukio hili iko katika umbali kati ya walichokiona siku ile na kilichokuja kudhihirika baadaye. Swali linaloanza na neno "faida" limeufuta umbali huo kabla mwanafunzi hajaushika.

Sasa tuingie kwenye daftari la notisi. Masharti huandikwa hivi: vita visimame kwa miaka 10; Waislamu warudi mwaka huu, na mwaka ujao waje wakae Makka siku 3; atakayetoka kwa Maquraishi kwenda Madina bila idhini ya walii wake arudishwe, na atakayetoka kwa Waislamu kwenda Makka asirudishwe; kila kabila liwe huru kujiunga na upande linaoutaka. Sentensi ni fupi, safi, na kila moja ina namba yake. Zinafanana urefu, zinafanana uzito, na kila moja ina thamani ya alama ileile. Hakuna anayesema ndani yake, na hakuna anayejibiwa. Msomaji hawezi kujua ni lipi kati ya hayo lililowafanya watu walie.

Linganisha na namna wapokezi wa zamani walivyolihifadhi tukio hilo. Hadithi yake ndefu imo katika Sahihi ya Imam Bukhari, kwa mapokezi ya Miswar bin Makhrama na Marwan, na jambo la kutia mkazo ni kwamba Bukhari ameiweka katika Kitabu cha Masharti. Mwanachuoni huyo, aliyefariki mwaka 870, alikuwa akitafuta hukumu za masharti, kama anavyotafuta mtahiniwa wetu. Angeweza kuchukua vifungu na kuviacha vingine vyote. Lakini aliisimulia safari nzima: wajumbe wanaokuja mmoja baada ya mwingine, Budail, Urwa, hadi Suhail bin Amr, ubishi wa kuandika, kilio cha aliyerudishwa, na yaliyofuata baada ya watu kurudi Madina. Kwake sharti halieleweki nje ya kisa kilicholizaa.

Chunguza mpangilio wa kisa hicho. Kabla ya sharti lolote kuandikwa, panazuka ubishi juu ya kichwa cha waraka. Suhail, mjumbe wa Maquraishi, anakataa jina la Mwenyezi Mungu kwa sifa ya Rahmani, kisha anakataa Muhammad (s.a.w.) aandikwe kuwa ni Mtume wa Allah. Anataka jina lake na la baba yake. Mtume anakubali yote mawili. Katika mapokezi mengine, Ali bin Abi Talib (r.a.), aliyekuwa mwandishi, anaona uzito kuyafuta maneno hayo, na Mtume mwenyewe anayafuta. Hapa kisa kinatufundisha kusoma mkataba wote unaofuata: upande mmoja unang'ang'ania maneno, upande mwingine unaachia maneno ili upate jambo. Lakini fungua madesa kumi uone kama ubishi huu umo. Haumo, kwa kuwa kichwa cha waraka hakihesabiwi kuwa sharti.

Baadaye linakuja sharti la kurudisha waliokimbia, na papo hapo linapata mwili. Abu Jandal, mtoto wa Suhail huyohuyo anayeandikiana mkataba, anatokea akiburuta minyororo, amekimbia kwa baba yake kwa sababu ya Uislamu. Anarudishwa. Msimuliaji hakulieleza sharti kwa sentensi ya ziada. Alimleta mtu. Mwanafunzi aliyemwona Abu Jandal hawezi kulisahau sharti la tatu hata ukimwamsha usiku wa manane.

Halafu yanafuata marudio, na marudio katika usimulizi hayaji bure. Umar bin Khattab (r.a.) anamwendea Mtume na maswali yake ya uchungu, kisha anamwendea Abubakar (r.a.) na maswali yaleyale, na anapata majibu yanayofanana. Maswali yamerudiwa ili tupime imani ya watu wawili mbele ya jambo moja. Marudio ya pili ni amri: Mtume anawaambia watu wachinje na wanyoe, mara tatu, na hakuna anayeinuka. Hapo Bibi Ummu Salama (r.a.) anatoa shauri kwamba atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe yeye kwanza. Anafanya hivyo, na watu wote wanafuata. Kilele cha kisa kimewekwa ndani ya hema, kwenye kauli ya mke wa Mtume. Katika mpango wa masharti na faida, Bibi huyu hana pa kukaa, na wasichana wetu wanaodurusu mada hii wanaipita bila kukutana naye. Hilo ni pengo kubwa, na limesababishwa na umbo tu.

Tukirudi kwenye faida tukiwa na kisa chote mkononi, tunaona ajabu: kila faida ni mtoto wa sharti fulani. Kusimama kwa vita kulifungua njia. Mtume aliwapelekea wafalme barua, akiwemo Heraklio wa Rumi, na watu walisikilizana bila panga kati yao. Khalid bin Walid na Amr bin Al-As walisilimu kabla Makka haijafunguliwa. Walioandamana na Mtume walikuwa 1,400 Hudaibiya, na 10,000 alipoingia Makka. Sharti la kurudi mwaka ujao lilizaa umra ya mwaka wa 7 Hijria, Waislamu wakaingia Makka kwa amani mbele ya macho ya waliowafukuza.

Sharti la wakimbizi, lililoonekana kuwa ndilo la uonevu zaidi, liliwageukia waliolitaka. Abu Basir alikimbilia Madina, akakabidhiwa kwa waliokuja kumchukua, akamuua mmoja wao njiani na kwenda kukaa pwani. Abu Jandal akamfuata, na wengine pia, wakawa wanaizuia misafara ya Maquraishi, hadi Maquraishi wenyewe wakamwomba Mtume awachukue watu hao. Nalo sharti la uhuru wa makabila liliwaweka Khuzaa upande wa Waislamu na Banu Bakr upande wa Maquraishi. Banu Bakr walipowashambulia Khuzaa kwa msaada wa Maquraishi, mkataba ukavunjika, na kuvunjika huko ndiko kulikofungua safari ya kuikomboa Makka.

Hizo ni faida nne kutoka kwa masharti manne. Ya tano inatoka kwenye ule ubishi wa kichwa cha waraka ambao madesa yameutupa: Maquraishi, waliokuwa wakiwahesabu Waislamu kuwa ni watoro na waasi, walikaa nao kitako wakaandikiana kama pande mbili. Pointi tisa zimekuwa jozi nne na mlango mmoja. Anayedurusu kwa jozi hizi ana kazi ndogo kuliko aliyekariri orodha mbili, na jibu lake litakuwa na sababu ndani yake, jambo ambalo kitenzi "eleza" kinalidai.

Kuna jambo jingine la umbo linalohitaji kusemwa wazi, nalo ni dalili. Wanafunzi wetu wamefundishwa kuithibitisha hoja kwa aya au hadithi, na ni mafunzo mema. Lakini mara nyingi aya huwekwa mwishoni mwa aya ya insha kama muhuri wa karani. Kwa Hudaibiya, dalili inayotajwa ni Sura ya 48, Al-Fat-h, iliyoteremka watu wakiwa njiani kurudi Madina. Zingatia wakati wake: Khaibar bado, umra bado, Makka bado. Sura iliyaita yaliyotokea ushindi wakati hakuna aliyeuona. Kwa hiyo dalili hii ni sehemu ya kisa, tena ni pale kisa kinapogeuka. Mtahiniwa akiitaja mahali pake, kati ya huzuni ya kurudi na matunda yaliyofuata, insha yake itakuwa na mwendo. Akiitundika mwishoni, atakuwa amesema kweli bila kuonesha anachokisema.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya haki. Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake, na anapaswa kumpa haki sawa mtoto wa shule yenye maktaba na mtoto wa shule isiyo na mwalimu wa somo hili. Orodha inahesabika. Inamlinda mwanafunzi asiyejua kupamba maneno dhidi ya msahihishaji anayependa mapambo. Pia hadithi ndefu bila pointi inaweza kumpoteza mtahiniwa, akamaliza saa yake kwenye maelezo ya njiani. Kwa hiyo siombi orodha ifutwe kwenye mtihani. Ninachokisema ni kwamba orodha ni umbo la kujibia, na halifai kuwa umbo la kujifunzia. Tumeyachanganya mawili hayo, tukaanza kuwasomesha watoto kwa sura ya mwongozo wa usahihishaji.

Watunga maswali nao wanaweza kusaidia bila kuongeza mzigo wowote. Badala ya kudai masharti na faida kando kando, swali liseme: "Chagua masharti mawili ya Mkataba wa Hudaibiya, na ueleze jinsi kila moja lilivyowanufaisha Waislamu baadaye." Alama bado zinahesabika, na msahihishaji bado ana mwongozo. Kilichobadilika ni kwamba kamba haijakatwa katikati. Njia hiyo inafaa pia kwa Hijra, kwa vita vya Uhud, kwa kukusanywa kwa Qur'ani chini ya Zaid bin Thabit, na kwa kila mada ambayo leo inafundishwa kwa sababu na matokeo yaliyoachana.

Kwako mwalimu: kabla ya kugawa notisi za mada hii, isimulie yote kwa kikao kimoja, pamoja na Abu Jandal na Bibi Ummu Salama, kisha waachie wanafunzi wazitoe pointi wao wenyewe. Kwako mtahiniwa: ukikaa na pepa za nyuma, usiugeuze ukurasa kwa sababu tu umefikisha idadi inayotakiwa. Kwa kila sharti uliloliandika, jiulize lilimgusa nani siku ile na lilizaa nini baadaye. Ukishindwa kujibu, rudi kwenye kisa, kwa kuwa mada hiyo bado hujaimaliza.