Man Ray Alikosea Kuirudia Kamera

Albamu ya Champs délicieux ina picha 12, utangulizi wa Tristan Tzara, na kosa moja ambalo halijanitoka rohoni. Mwaka 1922, huko Paris, msanii Man Ray alipanga vitu juu ya karatasi ya picha, akawasha taa, akasafisha. Hakuna kamera, hakuna negativu: picha ya namna hii huitwa fotogramu. Halafu, ili apate nakala 40 za kuuza, akazipiga fotogramu zile kwa kamera na kuchapisha albamu nzima kutoka kwenye negativu.

Aliyewahi kusafisha fotogramu anajua kilichopotea hapo. Uhai wa fotogramu uko kwenye ukingo wa kivuli. Kitu kikiigusa karatasi, ukingo hutoka mkali, kama umepitishwa wembe. Kikiinuka hata kidogo, ukingo hulegea na kuacha kijivu chembamba pembeni. Laza faneli ya kioo ubavu uone: mdomo wake unaogusa karatasi husomeka vizuri, shingo iliyo juu juu hufifia, na katikati mwanga uliopindishwa na kioo huchora mistari ambayo mkono wa mtu hauwezi kuipanga. Vijivu hivyo ndivyo vinavyotuambia kipi kililala na kipi kiliinuka. Vipitishe kwenye lenzi, negativu, kisha karatasi nyingine: vilivyo vyepesi humezwa na weupe, vilivyo vizito huzama kwenye weusi. Kubwa kuliko yote, karatasi aliyopewa mnunuzi haikuguswa na kitu hata kimoja kati ya vile inavyovionyesha. Hiyo ni picha ya fotogramu, si fotogramu.

Kwa upangaji na uthubutu wa Man Ray sina neno, ni fundi.

Wanaomtetea huuliza: fotogramu hutoka moja tu, sasa angefanyaje? Jibu lilikuwepo tangu Oktoba 1843, Anna Atkins alipoanza kutoa kitabu chake cha mwani wa Uingereza kwa sayanotaipu, mbinu aliyoibuni John Herschel mwaka mmoja tu kabla. Kwa kila ukurasa wa picha wa kila nakala, Atkins aliulaza mwani wenyewe juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaubana kwa kioo, akauanika juani, akaosha kwa maji. Kurasa zinakaribia 400, nakala zinazojulikana ni zaidi ya 10, na kazi ilifika 1853. Tazama ukurasa wake wowote: shina nene limebaki jeupe, utando mwembamba umepitisha buluu, na majani yanapopandana unaona lipi limelifunika jingine. Mama yule hakuhitaji negativu kupata wingi. Alihitaji jua na subira.

Na lile jina la rayografu alilozipa Man Ray fotogramu zake, nitalipinga mpaka mwisho. Msanii Christian Schad alishafanya kazi hii Geneva mwaka 1919, na Mwingereza Talbot alianza miaka ya 1830. Ukibandika jina lako kwenye mbinu uliyoikuta, basi itendee haki.

Man Ray angeweza kutoa seti tano tu. Hizo ni fotogramu 60, kila moja imepangwa upya na kusafishwa kivyake, hakuna mbili zinazolingana. Bei ingepanda, wanunuzi wangepungua, na kila mmoja wao angeondoka na karatasi iliyobeba vitu vyenyewe.