Wa Mwisho Ndiye Afungaye

Chukua programu yenye nyuzi mbili, yaani njia mbili za kazi zinazokwenda kwa pamoja, zinazotumia muunganisho mmoja wa TCP kuzungumza na seva. Uzi wa kwanza una ujumbe wa baiti 120, na umekwisha kuitangazia seva urefu huo. Unaanza kuandika. Mfumo endeshi una ruhusa ya kupokea sehemu tu ya kile unachopewa, na safari hii umepokea baiti 80, zilizobaki zingoje. Katika pengo hilo uzi wa pili unaingia na ujumbe wake. Seva haina habari za nyuzi. Inahesabu baiti 120 kama ilivyoambiwa, 80 za mwenye zamu na 40 za mvamizi, na kuanzia hapo kila urefu inaousoma ni uongo.

Juu ya pengo hilo umejengwa ufundi mzima: kuandika msimbo wa mtandao ambao nyuzi nyingi zinaweza kuutumia kwa pamoja bila kuharibiana kazi. Naupenda ufundi huu kuliko mwingine wowote katika kompyuta. Ukifanywa sawasawa hakuna anayeuona. Mtu anatuma fedha kwa simu, anapata ujumbe wa kuthibitisha, anaondoka zake.

Kinga ya pengo hilo ni kufuli: aliyelishika hufanya kazi, wengine hungoja zamu. Kufuli lenyewe si jipya. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alichapisha makala ya ukurasa mmoja iliyoonyesha jinsi kompyuta kadhaa zinavyoweza kupeana zamu, ili moja tu iwe ndani ya sehemu nyeti kwa wakati mmoja. Leo karibu kila lugha ya programu inakuja na makufuli yake tayari. Kazi ya fundi ni kuamua kufuli likumbatie nini. Anayeanza hufungia amri moja ya kuandika, kumbe amri moja huenda ikapeleka baiti 80 tu. Aliyekomaa hufungia ujumbe mzima hadi baiti ya mwisho. Na pale ambapo kila swali lina jibu lake, na majibu hurudi kwa mpangilio wa maswali, hata ujumbe mzima hautoshi: swali na jibu lake ni kitu kimoja, na muunganisho hauruhusiwi kubadili mikono hadi jibu lisomwe.

Kuvunjwa kwa sheria hiyo kulionekana tarehe 20 Machi 2023, OpenAI ilipolazimika kuizima ChatGPT kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuwa wakiona vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Maelezo yaliyotolewa na kampuni hiyo siku chache baadaye yanastahili kusomwa na kila anayeingia katika kazi hii. Kosa lilikuwa ndani ya maktaba ya msimbo inayounganisha programu za Python na hifadhidata ya Redis. Miunganisho ilikuwa ya kushirikiana, inakaa kwenye akiba na kuazimwa. Ombi likifutwa baada ya swali kwenda lakini kabla jibu halijasomwa, jibu lilibaki limekwama ndani ya muunganisho, na muunganisho ukarudishwa kwenye akiba kana kwamba ni safi. Aliyeuazima baadaye aliuliza lake akapokea la mwenzake. Mara nyingi aina ya data haikulingana na programu ikatoa kosa; lakini ilipolingana, jibu lilipita kama halali. Hapo hazikuwa nyuzi kamili, zilikuwa kazi zinazopokezana ndani ya uzi mmoja, ila sheria ni ile ile. Muunganisho usiojua umefikia wapi haurudishwi kwenye akiba. Unatupwa. Kufungua mwingine kunagharimu muda mfupi sana, na huo ni muda uliotumika vizuri.

Lakini penye utamu wote wa kazi hii ni kwenye kufunga muunganisho. Mfumo endeshi huitambua soketi, yaani ncha ya muunganisho ndani ya programu, kwa namba, na kanuni ya POSIX, kiwango cha mifumo endeshi, ni kutoa namba ndogo kuliko zote zilizo huru. Uzi mmoja ukifunga soketi namba 7 wakati uzi mwingine uko njiani kuiandikia, na wa tatu ukafungua faili papo hapo, faili hilo linaweza kupewa 7. Ujumbe uliokusudiwa seva unaishia ndani ya faili. Aliyewahi kununua laini ya simu akaanza kupigiwa na wadai wa mwenye namba wa zamani anaijua hali hii: namba ni ile, mtu siye.

Walioijenga lugha ya Go walilikabili hili kwa kufuli ambalo kila nikilisoma nafurahi upya. Hali yake yote imo ndani ya biti 64. Biti moja husema kama soketi imefungwa. Moja ni kufuli la kusoma na moja la kuandika, kila tendo na lake, maana msomaji hana ugomvi na mwandishi. Biti 20 huhesabu wote wanaoishika soketi kwa sasa. 20 nyingine wanaosubiri kusoma, na 20 wanaosubiri kuandika. Mabadiliko hufanywa kwa pigo moja la prosesa lisilogawanyika. Na uzi unapoagiza kufunga, namba hairudishwi hapo hapo. Biti ya kufungwa inawekwa, anayekuja baada ya hapo anakataliwa, waliolala kwenye foleni wanaamshwa na kupewa kosa ili wasisubiri milele, na waliokuwa kazini wanaachiwa watoke. Hesabu ikifika sifuri, yule wa mwisho kutoka ndiye anayeirudisha namba 7 kwa mfumo endeshi.

Kutokana na kufuli hilo, nyaraka za Go zinaweza kutamka wazi kwamba kazi nyingi zinaruhusiwa kuutumia muunganisho mmoja kwa wakati mmoja. Maktaba ya libpq ya hifadhidata ya PostgreSQL inatamka kinyume: nyuzi mbili zisiguse muunganisho mmoja kwa pamoja, kila uzi uwe na wake. Nazithamini zote mbili sawa, kwa kuwa mwenye kuzitumia anajua kufuli ni jukumu la nani. Maktaba isiyosema neno juu ya nyuzi siichukui, hata ikisifiwa kasi namna gani.